Shokapu ya Mjomba Enua

Jumapili hiyo Tepaeru alitoka kanisani, kijijini Arorangi, na kofia yake nyeupe ya ukindu, koo limemkauka kwa kuimba, akamkuta mumewe nyuma ya nyumba amechuchumaa anaosha chuma kwa mafuta ya taa. Anakioshea kwenye bakuli lake. Bakuli lilelile la kuchanganyia samaki mbichi na ndimu na tui, kila Jumapili tangu aolewe.

Na Jumapili kisiwani humo mtu hafui hata soksi. Mumewe Maara, kichwa chini, anasugua.

Ilikuwa shokapu ya pikipiki, ile ya nyuma inayokaa chini ya siti, nene kama paja la nguruwe. Katikati ya springi yake mlikuwa na kitu cheusi chenye utelezi. Si grisi, si tope. Maara alikuwa akikichokonoa kwa kijiti, nacho kikitoka mikunjo mikunjo kama utando wa maziwa yaliyolala. Ndani ya ule utando mlikuwa na nywele.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mjomba."

Tepaeru alikuwa anajua ni mjomba yupi. Masikio tu ndiyo yaliyotaka kusikia.

Mjomba Enua alizikwa mbele ya nyumba yake mwenyewe, kama wanavyozikwa watu wote wa huko, kaburi jeupe chini ya paa la bati, na pikipiki yake ikaegeshwa kando ioze pamoja naye. Alikuwa mtu wa kilo mia na sitini. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada. Panga lilikichukua kwenye magimbi. Kwa uzito ule ilibidi aagize shokapu ngumu kutoka Auckland, na juu ya shokapu hiyo ndipo alipofia. Alikuwa na tabia ya kwenda bondeni kwenye magimbi yake, kukaa huko siku kadhaa na kusinzia juu ya pikipiki huku kidevu kimelala kifuani. Safari hiyo roho ikatoka bila kumwamsha. Waliopita kwa mbali walimsalimia kwa nyusi, kama ilivyo ada yao. Siku ya kwanza wakamsalimia. Siku ya pili wakamsalimia. Siku ya tatu jua la Januari lilikuwa limeshamaliza kazi yake, na Enua alikuwa amechuruzika kupitia siti mpaka chini.

Kwa akili za Maara, huo haukuwa wizi. Cha mjomba ni cha mpwa. Unachukua kwanza, unasema baadaye, na hakuna atakayekuita mwizi. Lakini alingoja mjane aende kanisani ndipo akaingia na spana. Mwenye haki hangoji mtu aondoke.

Sababu alikuwa nayo, tusimnyime lake. Tepaeru alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake ziliharibika, na daktari wa hospitali ya kule kilimani alisema wazi kwamba mama huyu asirushwerushwe. Shokapu yao ilikuwa imekufa. Kila shimo la barabarani lilipanda mpaka kwenye meno. Kaka yake Tepaeru alijitolea gari lake. Maara akakataa. Gari la shemeji lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nakufanyia wewe," alisema bila kuinua uso. "Utakaa kama malkia."

"Malkia gani anaoshewa maiti kwenye bakuli lake?"

Tepaeru alilichukua bakuli akalitupa kwenye shimo la taka. Siku hiyo walikula shelisheli kavu.

Jumatatu Maara aliifunga shokapu kwenye pikipiki yao, wakaipanda. Na kweli, pikipiki ilikwenda laini, mashimo yakapita chini kana kwamba ni ya barabara ya watu wengine. Maara akapiga mluzi. Tepaeru aliyekuwa nyuma alianza kujilaumu kwa lile bakuli.

Walipofika kwenye mnazi mmoja uliolala kando ya barabara, pikipiki ikashuka nyuma. Taratibu, kama kitanda mtu mzito anapokaa kwenye ukingo wake. Haikupanda tena.

Nyumbani Tepaeru alijikuta mgongo umelowa. Maara akasema ni jasho. Tepaeru akaivua blauzi, akainusa, akatapika papo hapo mlangoni. Jasho halinuki hivyo. Lilinuka kama ndoo ya chambo iliyosahauliwa juani, na juu yake mafuta ya taa.

Jumanne Maara aliikaza pete ya kukazia springi mpaka mwisho, pikipiki ikasimama nyuma juu kama jogoo. Wakaiacha barazani wakaingia kula. Ikalia kidogo. Tepaeru akachungulia. Nyuma ilikuwa imeshuka mpaka madigadi inagusa tairi, na juu ya siti hakuna mtu. Inzi walikuwepo, wengi. Walikuwa wametua pale angani juu ya siti, mahali ambapo mgongo wa mtu ungekuwa.

Alimwita mumewe. Alipofika, inzi walikuwa wametawanyika.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Tepaeru aliomba gari la kaka yake, akaomba kwa upole kwanza, kisha kwa matusi. Maara akasema gari limekwenda bandarini, na hata kama lingekuwepo. Kukosa kliniki hakuwezekani. Akapanda.

Saa nne asubuhi, jua kali, barabara imejaa watu. Pikipiki ikashuka kabla hawajatoka uani. Walipunguza mwendo kwenye kibanda cha Ngatuaine muuza mapapai, mama mmoja mwenye mdomo mkubwa kuliko biashara yake. Akawainulia nyusi, kisha akakunja uso.

"Watatu? Na tumbo hilo? Mwambieni huyo mnene ashuke atembee, atawavunjia pikipiki."

Akageuka kupanga mapapai yake.

Tepaeru hakugeuka nyuma. Hakuthubutu. Mgongoni pake kitu kilikuwa kimeegemea, laini, kinatitia kama papai lililooza. Kilikuwa cha baridi. Kikapumua. Halafu mikono ikaja. Mmoja kutoka kulia, mmoja kutoka kushoto. Polepole. Ikamzunguka kiuno, ikakutana chini ya tumbo, ikalibeba.

Mtoto akaacha kucheza.

"Simama," alinong'ona.

Maara akasimamisha. Hata yeye alikuwa amesikia harufu. Tepaeru akashuka, akatembea kwa miguu mpaka kwa mjane, Mama Mii, mkono mmoja chini ya tumbo, Maara akifuata nyuma akiisukuma pikipiki, na njia nzima mtoto hakucheza.

Mama Mii alikuwa akifagia kaburi la mumewe. Alishaiona pikipiki bila shokapu tangu Jumapili mchana. Alikuwa anangoja tu aone nani ataanza kunuka. Alisikiliza mpaka mwisho, fagio mkononi.

"Mimi ndiye niliyemtoa pale juu," alisema. "Nilipomvuta, ngozi ilibaki kwenye siti. Yule hana hasira na nyinyi. Hajui kama amekufa. Ila maisha yake yote alitaka mtoto, nami sikumpatia. Irudisheni leo."

Maara aliifungua shokapu palepale uani, boliti zikiteleza kwa ute ulioanza kuvuja upya. Aliposhika shokapu mikononi, springi ilijikunja yenyewe mara mbili. Akalia kama mtoto. Mama Mii akamnyang'anya, akaifunga kwenye pikipiki ya marehemu kwa mkono wake, akakaza.

Pikipiki ile iliyooza ikashuka nyuma. Taratibu. Ikatulia.

Tumboni mwa Tepaeru mtoto akapiga teke. Mama yake akakaa chini kwenye nyasi.

Mtoto alizaliwa siku zake zilipotimia, msichana mzima, mzito, mwenye sauti. Alipelekwa nyumbani kwa gari la mjomba wake, yule kaka wa Tepaeru, na Maara alikaa nyuma, amekumbatia mabegi.

Mama Mii alikuja kumwona na kitambaa cha viraka alichokishona mwenyewe. Akamfungua mtoto kumtazama, kama wanavyofanya wazee. Kiunoni pa mtoto, upande wa kushoto, palikuwa na alama nyeusi. Wauguzi waliiosha kwa sabuni, wakaisugua kwa mafuta. Ilikuwa haitoki, na ukiigusa vidole vinateleza. Kidole gumba. Pengo. Kisha vidole vitatu vinene.

Mama Mii aliihesabu mara mbili. Akamfunika mtoto vizuri.

"Huu ni mkono wa kushoto," alisema polepole. "Wa kulia uko wapi?"

Tepaeru alivuta gauni lake, akalishikilia vizuri hapo kiunoni, upande wa kulia, mahali ambapo tangu Alhamisi ile hakuwa amemruhusu mumewe kutazama.