Mteremko wa Munigi Ndani ya Miwani

Julie aliingia uani kwao, mtaani Ndosho, gunia la viazi mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Alilitupa gunia mbele ya mume wake, Evariste, baba wa binti yao Rosette.

"Angalia hii shingo! Miye siko punda, Papa Rosette! Chukudu yako iko hapo ukutani, na wewe unakaa tu!"

Evariste aliinamisha kichwa. Chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, ndiyo iliyowalisha tangu vita viwafukuze kutoka kwao Masisi. Alikuwa akishusha viazi kutoka Munigi, juu mlimani, mpaka sokoni. Siku moja bomu lilianguka kando ya mteremko, likamuua rafiki yake Valentin mbele ya macho yake. Baadaye mapigano yalihamia mbali. Lakini kila Evariste alipofika juu ya mteremko, miguu iligoma, moyo ulidunda, jasho lilimtoka. Aligeuka akarudi nyumbani.

Wengine walisema ana pepo. Mhubiri mmoja alimlazimisha kufunga bila kula mpaka akaanguka. Hasira inanipanda nikiandika haya. Aliyevunjika mguu hatumnyimi chakula. Kwa nini tumnyime aliyeumia moyo?

Wenzake wa chukudu walikosea kwa upendo. Desturi yao ni kwamba mwenzao akiugua, kila mmoja humwachia viazi kidogo mlangoni. Basi Evariste alikaa, miezi ikapita, woga ukanenepa. Viazi vyenyewe havikutosha, ndipo Julie akaanza kubeba.

Siku hiyo jirani yao, Mama Généreuse, alisikia kelele akaingia. Yeye hufanya kazi kituo cha afya, anatibu watu walioumizwa akili na vita.

"Mama Rosette, bwana yako hana uvivu. Ni ugonjwa, na iko na dawa."

"Dawa gani? Sindano?"

"Hapana, mazoezi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila mara anakimbia ule mlima, mwili unasema: nimepona sababu nimekimbia. Kesho woga inaongezeka. Inafaa arudi pale polepole, na mutu wa kumusaidia."

"Sirudi pale!" Evariste alifoka.

"Utarudi ukiwa umekaa kwenye kiti," alijibu Généreuse.

Maneno hayo yalimvuta Evariste, akamfuata. Kituoni Généreuse alimvalisha miwani mizito iliyofunika macho yote. Ndani mlikuwa na picha zinazotembea: mteremko wa Munigi wenyewe. Akigeuza kichwa huku, aliona mawe meusi ya volkano. Akigeuza kule, aliona barabara inashuka. Moyo ulimruka. Aliivua miwani akaisukuma.

"Munataka nikufe mara ya pili!"

"Kasirika tu, Papa Rosette. Hata miye hii vita inanikasirisha. Lakini hii ni picha, haiwezi kukuua. Ukishindwa, sema, tutasimama. Leo tuangalie barabara tupu tu."

Alivaa tena. Moyo ulipanda. Généreuse alimwambia asifumbe macho, apumue taratibu, angoje. Akangoja. Moyo ukashuka wenyewe, na Evariste akashangaa.

Kila juma waliongeza kitu kwenye picha: watu, halafu pikipiki, halafu mlio mkubwa kama wa bomu. Siku nyingine alitoka akilia. Siku nyingine alimtukana Généreuse, naye akamjibu, "Tukana, lakini juma lijalo urudi."

"Sasa amepona?" Julie aliuliza.

"Bado. Miwani ni mazoezi, barabara ya kweli ndiyo mwisho. Na tuulize kwanza kama kuko usalama. Kuogopa hatari ya kweli ni akili, si ugonjwa."

Waliuliza. Njia ilikuwa shwari. Walienda kwa miguu kwanza, Généreuse kando yake, mara nyingi. Kisha ikafika siku ya chukudu yenye mzigo.

Juu ya mteremko, wenzake walikimbia kushika magunia ili wamshushie.

"Muniache!" Evariste alipiga kelele. "Mukinishushia tena, munanizika!"

Wakaachia. Evariste alipiga goti moja kwenye chukudu, akasukuma kwa mguu wa pili. Moyo ulipanda. Hakufumba macho. Alipita pale bomu lilipoanguka, akafika chini, akasimama.

"Balimuua Valentin hapa!" alilia kwa sauti, watu wakageuka. "Mutu mwema! Na miye bakanikalisha ndani kama maiti! Nitapita hapa kesho, na kesho kutwa!"

Mtu mmoja alitaka kumnyamazisha. Julie, aliyekuwa akingoja pale chini, alimzuia.

"Muache aseme. Amenyamaza sana."

Alimngoja mume wake amalize kulia. Kisha akaweka mikono nyuma ya chukudu.

"Twende, Papa Rosette. Soko inafunga."