Aliyekaribishwa Kuota Moto

Betri ilikuwa ya baridi, na betri iliyotoka kufanya kazi haipoi vile. Esnath aliigusa, akaurudisha mkono haraka kama aliyeshika jiwe la mtoni alfajiri ya Julai.

Umeme ulikuwa umerudi. Mumewe, Filemoni, alikaa kitandani akihema, mrija wa mashine ya hewa puani. Vumbi la mbao alilokula ujanani huko kwenye misumeno sasa lilikuwa linamla yeye mapafu. Umeme ukikatika, betri ile ndiyo iliyopaswa kuendesha mashine. Badala yake ilikuwa inamwacha kwenye mataa.

Fundi Remmy alipanda kutoka Makambako. Akazima swichi kubwa. Mashine ikaendelea kunguruma. Akasema betri haina tatizo. Esnath akamjibu kwamba hata mlevi akiwa mbele ya mchungaji hana tatizo. Remmy akacheka, akafunga betri mpya, akaondoka. Jioni ukungu ukashuka, mtaa mzima wa Ramadhani ukawa giza, na betri mpya ikafa.

Mwinjilisti naye alitoka Kidugala, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Umeme ulipokatika tena, betri ikafa kama haijaombewa.

Safari hii Esnath hakukimbilia tochi. Alikuwa amechoka hata kukimbia. Alisimama gizani akimpepea mumewe kwa kitenge, ndipo akasikia, pale kwenye kona ya betri, viganja vikisuguana, vikavu, taratibu, kama vya mtu aliyetembea mbali kwenye baridi na sasa amepata pa kukaa, na harufu ya blanketi lililolowa ikapanda, ikajaa chumba, na viganja havikuacha.

"Baba Ida," akanong'ona. "Ulimkaribisha nani?"

Filemoni alivuta pumzi kwa shida. "Siku ile ya kwanza betri kufa. Ulikuwa bombani. Mtu alipiga hodi kwenye ukungu. Nikasema karibu, ota moto."

"Ulimwona?"

"Sikuona mtu."

Nani Njombe asiyesema hivyo? Mtu akibisha kwenye baridi, unamkaribisha motoni kabla hujamuuliza jina. Lakini nyumba ile haikuwa na moto tena, tangu daktari akataze moshi. Chenye joto kilikuwa betri tu. Na mgeni wa namna hiyo huja na giza la mtaa mzima, si la swichi ya fundi.

Mgeni uliyemwita hafukuzwi, huhamishwa. Esnath alikwenda jiko la nje, akawasha kuni kwenye mafiga yaliyokwisha kujengwa utando na buibui, akarudi mlangoni.

"Kamwene," akasalimu. "Moto uko huku. Hapo umekalia pumzi ya mtu."

Ubaridi ukampita ubavuni. Chumbani, mashine ikaanza kunguruma.

Tangu hapo Filemoni hajakosa hewa. Ila mgeni haachwi motoni peke yake, na moto ukizimika anajua njia ya chumbani. Kwa hiyo kila umeme ukikatika Esnath hukaa jikoni, macho yakimwasha kwa moshi, akisikiliza viganja ng'ambo ya mafiga.

Juzi, akisinzia, alisikia hodi nje. Nyuma yake hodi nyingine, nyembamba, kama ya mtoto. Halafu nyingine, mbali zaidi, ndani ya ukungu.

Esnath akafumba mdomo. Ng'ambo ya mafiga viganja vikatulia.

"Karibuni," ikasema pale pale sauti ya Filemoni, bila kuhema hata kidogo. "Oteni moto."

Esnath akageuka kutazama kuni. Lilibaki gogo moja, tena bichi.