Kamba wa Ganda Laini

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia shangazi yake kuchanganya chakula cha kamba wa bwawani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shangazi, unga wa samaki upo, soya ipo, pumba zipo. Haya madini meupe ya nini tena?"

"Kamba akikua anavua ganda, kama wewe ulivyoacha ile sare iliyokubana. Akikosa madini, ganda jipya halikazi. Hapo wenzake wanamgeuza kitoweo."

Siku moja shangazi alimwachia kazi peke yake. Chiriku akaibeba ndoo ya madini kichwani, akajifanya mwanamitindo, akakata kona kwa maringo. Ndoo ikaanguka. Madini yote yakaishia mtaroni. Akatazama huku na huku, akaijaza ndoo unga wa ngano, nao mweupe vilevile. Kamba watamsemea kwa nani?

Wiki iliyofuata shangazi alivuta sinia la kulishia kutoka majini. Kamba walikuwa laini kama karatasi iliyolowa, wengine wamebaki vichwa tu. Akabadilisha maji. Akamwaga chokaa. Akaazima pampu ya hewa. Kila asubuhi sinia lilipanda na mizoga zaidi.

"Dada, unafuga kamba au unafuga uji?" fundi wa pampu alitania. Hakuna aliyecheka.

Chiriku alisimama ukingoni, mikono inaning'inia. Alijua, na kujua kwenyewe hakukusaidia kitu. Kila akifungua mdomo, anaufunga tena na kwenda kuokota mizoga.

"Mbona siku hizi umekuwa bubu?" shangazi aliuliza siku ya tisa. "Unaumwa?"

Hapo machozi yakamtoka, na maneno yakafuata.

Shangazi aliketi chini, palepale kwenye tope. "Siku tisa nayatibu maji, kumbe ugonjwa uko kwenye ndoo."

"Nichape tu, shangazi."

"Nikikuchapa, ganda litakaza?"

Siku hiyohiyo wakanunua madini mengine, wakapima, wakachanganya. Polepole maganda yakaanza kukaza, lakini kamba waliobaki hawakufika nusu.

"Kumwaga ni bahati mbaya, nimekusamehe," shangazi alisema wakivuta sinia. "Kuficha ndiko kulikowaua hawa. Ungesema siku ileile, tungepoteza ndoo moja tu. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema wakati bado kuna cha kuokoa."