Kemuma Alipoitisha Kikao

Soko la ndizi mjini Kisii lilikuwa limefurika watu asubuhi hiyo Kemuma alipomwona mwanamume mrefu, viatu vimejaa tope, akipigilia kigingi chekundu karibu kabisa na goti la mama yake, Bonareri, aliyeketi akiuza ndizi.

"Kaka, unapima kiwanja ama unampima mama yangu?"

Mwanamume aliinua uso. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la kitenge cha manjano, mikono kiunoni.

"Samahani, mama," alimwambia Bonareri kwanza, akakisogeza kigingi. Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe nije nikupime lini?"

"Mimi si kiwanja cha umma."

Alicheka, akajitaja jina: Ochanda, wa Homa Bay. Ndiye aliyechora ramani za kampuni iliyopewa kazi ya kulijenga upya soko hilo. Kemuma naye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wananchi, na makubaliano yalikuwa kwamba ramani isibadilishwe bila kamati kuridhia. Haikuchukua muda, simu zao zikawa hazipoi.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Na wewe, mtu wa ziwa, ulipata samaki?"

"Hapa kwenu ni ndizi tu. Hata nimeanza kunenepa."

"Nenepa, nitakupenda hivyo hivyo."

Kisha siku moja Nyabuto, mwanakamati mwenzake, akamwonyesha kwenye simu picha ya ramani mpya. Mbele, penye mabanda ya akina mama, palichorwa maduka ya matajiri. Mabanda yalisukumwa nyuma, kwenye mteremko unaojaa maji kila mvua inaponyesha. Chini palikuwa na jina la mchoraji: Ochanda.

Kemuma hakulia. Alimpigia Ochanda simu kwa sauti ile ile tamu.

"Alhamisi tuna kikao cha hadhara, mpenzi. Uje. Uvae lile shati la samawati, linakupendeza."

Alitaka aanguke akiwa amependeza.

Siku hiyo Kemuma alivaa suti nyeusi, midomo kaipaka rangi ya damu ya mzee. Ukumbi ulijaa wachuuzi.

"Bwana Ochanda, simama. Ramani hii ilichorwa na nani?"

"Na mimi."

"Mama yako ungemkalisha kwenye ule mteremko?"

"Hapana."

"Lakini wangu utamkalisha."

Akina mama walimzomea. Ochanda hakujitetea hata kwa neno moja. Kamati ikayakataa mabadiliko, na kampuni, ikitafuta wa kumtwika lawama, ikamfuta kazi siku hiyo hiyo. Kemuma alipopata habari aliona raha tupu, mpaka Nyabuto alipomvuta kando.

"Umemmaliza mtu wetu. Picha ile alinitumia yeye, akaniapisha nisimtaje. Mkurugenzi wa kampuni alimlazimisha kuchora, naye akatuletea ili tuizuie."

Kemuma alimkuta Ochanda chumbani kwake akifunga mizigo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wangesema mwenyekiti anapewa siri na mpenzi wake. Kamati ingevunjwa." Hakuinua macho. "Na wewe, kwa nini hukuniuliza? Ulinichagulia hata nguo."

"Nilitaka uumie."

"Niliumia."

"Basi niliumiza asiye na kosa. Nipe mkurugenzi wako. Uje useme mbele ya watu alivyokuagiza."

"Unataka kunitumia tena?"

"Ndiyo. Safari hii nakuomba."

Ochanda akaanza kutoa nguo kwenye begi moja moja.

Kwenye kikao cha pili mkurugenzi alikuja na tai ya hariri na tabasamu. Ochanda aliposimama kueleza, tabasamu lilikauka. Kemuma hakuwa na haraka. Alimuuliza mkurugenzi swali moja baada ya jingine, akasubiri kila jibu, akilitazama jasho likimshuka hadi kwenye ile tai. Kampuni ikanyang'anywa kazi, ramani ya kwanza ikabaki.

Nje, vigelegele vikirindima, Ochanda alimsogelea.

"Bado sijakusamehe yote."

"Najua."

"Na nimeanza kukuogopa. Nikichelewa nyumbani utaniitishia kikao?"

"Nitakuuliza kwanza."

"Basi niulize sasa."

Kemuma alimtazama.

"Bwana Ochanda, utanioa?"

"Ndiyo, mwenyekiti."