Toleo la Saa Nne

"Sindano, unanisikia?"

"Nakusikia, Mzee."

"Mgeni ameshaingia kwa Mwalimu. Toleo linatoka saa nne kamili. Simu ya Mwalimu haipatikani. Wahi."

Simu ikakatika.

Saa tatu na dakika thelathini na nane asubuhi. Sindano alivuta mafuta, pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma ikikata kona. Miaka kumi na moja kwenye idara ya ujasusi, na bado hakuwa amezoea.

Aliogopa. Aliogopa vibaya sana.

Miaka tisa nyuma, mwalimu mmoja wa hesabu aliandika programu ya kuongoza mashine ndogo za leza, zile ambazo watu huchongea mbao na plastiki nyumbani. Akaitoa bure, yeyote aitumie, yeyote airekebishe. Kisha mumewe akaugua, naye mwalimu akaiacha. Ikakaa miaka sita bila mwenyewe.

Miezi mitatu iliyopita, mtu asiyejulikana alimwandikia: tuifufue pamoja. Alirekebisha kasoro za zamani na kumjibu kila aliyeuliza. Watumiaji wakambandika jina: Mkarimu.

Jana idara ilikuta kitu ndani ya mistari ya programu aliyoiandika. Saa sita mchana wa leo, kila mashine yenye toleo jipya ingesimamisha leza mahali pamoja, ikiwaka, feni zikizimika. Mashine elfu arobaini. Madarasani. Gereji. Vyumbani.

Zimamoto na polisi wakihangaika na moto, shehena ya silaha ingepita mpakani bila kuulizwa.

Ni Mwalimu peke yake aliyekuwa na nenosiri la kulitoa toleo hilo.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili, Sindano alibisha hodi.

"Ingia, mlango uko wazi!"

Chumba kilinuka mbao zilizoungua. Mwalimu, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa mbele ya laptopu. Kando yake mashine ya leza, ikiendeshwa na toleo jipya, ilichonga umbo la jani kwenye mbao taratibu. Mgeni, Mkarimu mwenyewe, alikaa karibu naye, gazeti mapajani.

Chini ya gazeti palichungulia mdomo wa bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Ulielekea mbavuni mwa Mwalimu, naye hakuwa na habari.

Bastola ya Sindano ilikuwa kiunoni, mbali kama nchi nyingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya toleo?"

"Ndiyo. Naitumia programu yako tangu zamani." "Nina swali moja tu."

"Hatuna muda, dada," Mkarimu alisema akitabasamu.

"Wa maswali upo," Mwalimu alimkata. "Uliza."

Sindano alipiga hesabu. Mkarimu hawezi kumuua Mwalimu kabla hajaandika nenosiri. Mimi anaweza kuniua.

"Umelijaribu toleo, saa ya kompyuta ikisoma saa sita mchana?"

Tabasamu la Mkarimu likafa. Gazeti likageuka polepole, mdomo wa bastola ukamtazama Sindano tumboni.

"Swali gani hilo?" Mwalimu alicheka. Lakini kujaribu kulikuwa damuni mwake. Vidole vilishakimbia kwenye kibodi, vikaisogeza saa ya laptopu mbele hadi saa sita.

"Mama, acha!" Mkarimu alifoka.

Feni ikanyamaza.

Leza ikasimama. Nukta ikang'aa mahali pamoja. Moshi ukapanda, kisha ulimi wa moto.

Mwalimu aliutazama, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Wewe... umeandika nini humu?"

Gazeti likaanguka. "Andika nenosiri, mama. Sasa hivi."

"Siandiki." Sauti ilitetemeka, machozi yalimlenga. "Niue. Siandiki!"

Mkarimu akamgeuzia bastola kichwani. Nusu sekunde.

Ilitosha.

Sindano aliukwapua mtungi wa kuzimia moto ukutani na kufyatua. Wingu jeupe likammeza Mkarimu. Bastola ikakohoa, risasi ikapasua kioo cha dirisha. Sindano akaushusha mtungi kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia. Goti tumboni. Pingu.

Kisha akachomoa waya wa mashine, akauzima moto na kupiga simu.

"Mzee. Tumemkamata. Toleo halijatoka."

"Lori la silaha nalo tumelizuia mpakani. Umeumia?"

"Hapana."

Mwalimu alikuwa mweupe kwa unga wa mtungi kuanzia nywele hadi viatu. Alikaa, akaanza kufuta mistari ya Mkarimu mmoja baada ya mwingine.

"Unafanya nini, Mama?"

"Watu wananisubiri, mwanangu. Nimechelewa miaka sita." Alijifuta macho kwa kiganja. "Safari hii nitaisoma yote mwenyewe."

Gari la idara lilipomchukua Mkarimu, Sindano alitoka nje. Jirani alisimama getini, macho yamemtoka pima.

"Dada, kuna nini humo?"

"Moshi kidogo. Umeisha."

Alivaa kofia ya pikipiki, akashusha kioo mtu asimwone uso, akaondoka bila haraka.