Mguu wa Marehemu

Jua lilikuwa linazama fundi alipochomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi na kuifuta kwa kitambaa cheupe. Oili ilikuwa safi, nyekundu, imefika kwenye alama. Akainusa, akitarajia harufu ya kuungua.

Ilinukia karafuu.

Hakuogopa. Tangu wamzike kaka yake hakuwa anahisi kitu; hata chai aliinywa kama maji ya kunawia.

"Shemeji, kuna mtu alimwaga kitu humu?"

"Amwage nini? Mimi hata boneti sijui inafunguliwa wapi."

Mjane alisimama mbali, mikono kifuani. Pikapu ilikuwa ya marehemu, na bila hiyo maziwa yake yangechachia uani, sokoni hayafiki.

"Ikitaka kuingia gia ya tatu inasita," akasema. "Inavuta pumzi kwanza... kama mtu anayepanda ngazi. Kila dereva niliyemwajiri ameirudisha, sasa naendesha mwenyewe. Wanasema marehemu amefungwa humo."

"Kinachofungwa ni nati, shemeji."

Hakuna aliyecheka.

Mashine ya kupima haikuona hitilafu. Fundi akaipeleka pikapu kilimani. Ya kwanza. Ya pili...

Ikasita.

Akakutambua kule kusita. Kaka yake alikuwa na goti bovu la kulia, akilichua kwa mafuta ya karafuu kila asubuhi, na pedeli ya kuongeza mwendo aliikanyaga mara mbili: kidogo, anaachia, kisha kwa nguvu. Giaboksi za otomatiki za siku hizi hujifunza mguu wa dereva wake. Hii ilikuwa bado inamngoja.

Akarudi gereji, akazima injini.

"Dawa ipo," akasema kwa sauti ya chini. "Naifuta kumbukumbu ya kompyuta ya giaboksi. Itajifunza upya, kwa mguu wako."

"Na yeye?"

Fundi akachomeka waya wa mashine ya kupima. "Kama kuna chake kilichobaki, ni hicho tu."

Mjane aliutazama usukani. "Watoto lazima wale," akanong'ona. "Futa."

Fundi akabonyeza kitufe.

Injini ilikuwa imezimwa. Hata hivyo pikapu ikatetemeka... ikatulia. Chini yake, kitu kikashusha pumzi.

"Bomba la moshi linapoa," akasema fundi.

Mjane akapanda, akaondoka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kigugumizi. Fundi akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Alijua angepaswa kufurahi.

Akafunga gereji, akaingia kwenye gari lake kuukuu la gia za mkono, lisilo na kompyuta wala kumbukumbu ya mtu. Akaondoka. Mguu wake wa kulia ukakanyaga kidogo.

Ukaachia.

Akautazama. Hakuwa ameuamuru.

Ukakanyaga tena, kwa nguvu.

Harufu ya karafuu ikajaa ndani. Goti, goti lake zima lisilowahi kuugua, likaanza kuuma. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, fundi akahisi kitu.

Hakuliomba goti liache.