Ufa wa Chumba cha Nyuma

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kila mwenye bomba bovu hukumbuka kuwa linavuja. Watu walipigana vikumbo kati ya ndoo za rangi na mafungu ya nondo, na katikati ya vurumai hiyo mwanamke mmoja, gauni la buluu juu na viatu vizito vya kazini chini, alikuwa amechutama mbele ya rundo la vigae. Alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, kisha akavitegea sikio.

"Vinajibu?" sauti ya kiume ikauliza juu ya kichwa chake.

"Viwili vimenidanganya," alisema bila kuinua macho. "Vina ufa kwa ndani."

Alipotazama juu alimwona mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, vumbi la chaki kwenye kiwiko. Amekumbatia boksi la balbu, zile kubwa kuliko zote dukani.

"Unafuga vifaranga?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Balbu kumi na mbili za ukubwa huo! Kama si vifaranga, basi unataka ndege zitue kwako."

Mwanamume alicheka mpaka boksi likamponyoka. Mwanamke akalidaka.

"Mama yangu anapenda mwanga," mwanamume akasema. Alilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango wa chumba kisichofagiliwa.

Mwanamume alikuwa mwalimu wa kemia. Mwanamke alikuwa mkaguzi wa majengo: benki, kabla ya kumkopesha mtu anunue nyumba, humtuma mtu kama yeye akaigonge, akaichungulie, aiandikie ripoti. Foleni ya malipo ilipofika mwisho walikuwa wameshapeana namba. Jumatatu, saa saba mchana, simu ikalia.

"Hujambo, Bi Nyundo?"

"Sijambo, Mwalimu. Balbu zinawaka?"

"Zinawaka. Ila kuna mtu amewasha nyingine humu kifuani, na swichi sijui ameiweka wapi."

"Hiyo umeinakili kwenye daftari la mwanafunzi gani?"

"Wa kidato cha tatu. Nilimnyang'anya Jumatano."

Mkaguzi alicheka peke yake ofisini, mwenzake wa meza ya pili akamgeukia. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza simu ya saa saba mchana ilikuwa ya nani.

Miezi minane baadaye walikuwa wachumba, na hawakuwa na mazungumzo mengine ila nyumba. Mwalimu na mama yake walipanga vyumba viwili katika mtaa wa zamani kabisa wa jiji, na mwenye nyumba alikuwa amewapa taarifa: mwisho wa mwaka wahame. Mwalimu alitaka wanunue palepale. Ulikuwa mtaa wa vichochoro vyembamba kiasi kwamba wenye miavuli wawili wakikutana lazima mmoja aufunge wake. Kuta zake zilikuwa nene, rangi za vizazi vitatu zikibambuka moja juu ya nyingine. Vibaraza viligusana, na mtu akipiga chafya nyumba ya kwanza, aliombewa afya nyumba ya tano. Mkaguzi yeye alitaka mtaa mpya nje ya jiji.

"Kule barabara ni pana, mpenzi. Maji saa zote. Pa kuegesha gari pako."

"Gari hatuna."

"Tutakuwa nalo. Au unapanga tuzeeke kwa miguu?"

"Huku kila kitu kiko karibu. Zahanati, soko, fundi viatu..."

"Na mama yako."

"Mama tutakaa naye popote."

"Mama yako hanitaki, Mwalimu. Juzi nimekutana naye kichochoroni. Nimempungia mkono, nimemchekea kwa meno yote thelathini na mawili. Kanipita kama nguzo ya umeme!"

"Hakukuona."

"Hatua mbili, Mwalimu! Angenikanyaga!"

Kweli yenyewe ilikuwa kwenye ulimi wa Mwalimu, lakini alikuwa ameapa. Mama yake alikuwa anapofuka. Presha ya macho ilikuwa imemla kuanzia pembeni ikielekea katikati, na daktari alishasema kilichobaki nacho kitakwenda. Ndani ya mtaa ule mama hakuhitaji macho. Alijua kichochoro kinapopinda, alijua mfereji ulipo, aliijua harufu ya kila mlango. Asubuhi alitoka peke yake, akanunua gazeti asiloweza kulisoma, akapiga soga, akarudi. Wengi hawakugundua. "Na mchumba wako usimwambie," alimwapisha mwanawe. "Sitaki mkwe anayeanza kunihurumia kabla hajanionea wivu. Akishanizoea nitamwambia mwenyewe."

Basi Mwalimu akasema tu, "Naupenda mtaa huu." Na mchumba wake akasikia: nampenda mama yangu kuliko wewe.

Nyumba ikapatikana, milango saba kutoka pale walipopanga. Ilikuwa ya nesi mstaafu aliyetaka kuhamia kwa binti yake. Sakafu nyekundu iliyong'aa, madirisha ya mbao, na katika chumba cha nyuma, ufa mmoja ulioanzia kona ya dirisha ukateremka hadi sakafuni. Mwalimu alipeleka maombi benki. Siku tatu baadaye faili likatua juu ya meza ya mchumba wake.

Utaratibu ulikuwa wazi: ukiwa na uhusiano na mnunuzi, mpe mwenzako faili. Lakini mwenzake wa meza ya pili alijulikana kwa kukagua nyumba akiwa ndani ya gari. "Nyumba nitakayolala ikaguliwe na huyu?" alijiambia. Akalibakiza.

Simu ya saa saba ikalia.

"Nasikia faili letu limekuangukia! Haya Bi Nyundo, usitubanie, mama."

Alikuwa anatania. Lakini utani ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka sita ya kazi, hakuna aliyewahi kumwambia usitubanie akakubaliwa.

Alikwenda. Aligonga kuta zote, akapanda darini, akarudi kwenye ufa. Ufa una tabia mbili: kuna uliokufa zamani ukabaki kovu, na kuna unaotembea, unaopanuka kidogo kidogo mpaka ukuta uanguke. Kwa macho hutofautishi. Unachofanya ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta, ukangoja wiki sita. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Alikibandika. Nesi mstaafu alisimama mlangoni, kikombe mkononi, kama mtu mwenye la kusema. Lakini wauzaji wana midomo ya asali. Mkaguzi alishajizoeza kutowauliza. Aliandika, akaaga, akaondoka.

Wiki sita hazikuwapo. Benki ilitaka jibu ndani ya wiki mbili, na kulikuwa na kampuni iliyoitaka nyumba ile ili iibomoe. Siku ya kumi na nne alikaa na kalamu. Angeweza kuandika kwamba bado haijulikani, waongezewe muda. Ndivyo ambavyo angemwandikia mtu baki. Lakini kila alipoiweka kalamu kwenye karatasi alisikia: usitubanie. Aliogopa mapenzi yasimlegeze mkono, basi akaukaza. Akaukaza kuliko alivyowahi kuukaza kwa nyumba ya mtu yeyote. Na kama ndani yake kulikuwa na kijisauti kilichofurahia barabara pana, hakukisikiliza. Lakini pia hakukifukuza.

*Ufa unatembea. Nyumba haifai.*

Benki ikakataa. Kampuni ikanunua wiki ileile.

"Umeandika nini?" Mwalimu alimuuliza kwenye simu. Hakukuwa na Bi Nyundo, hakukuwa na mpenzi.

"Nilichokiona."

"Ulikiona au ulikitaka?"

"Usinivunjie heshima, Mwalimu. Kazi yangu siichezei."

"Sawa. Huku nyumba nyingine hakuna; tumepata ya kupanga, ghorofa ya nne, huko huko kwenye mtaa wako mpya. Umeshinda."

"Nimeshinda nini? Hebu nisikilize..."

"Hongera."

Simu ikakatika. Alipiga tena, na tena, mpaka kwa aibu akaacha. Saa saba mchana ikawa saa kama saa nyingine.

Miezi mitatu ilipita. Ofisi ikamtuma kukagua nyumba nyingine katika kichochoro kilekile. Alipita haraka, uso chini, lakini pale penye mabati ya kampuni mlango ulikuwa wazi, na nesi mstaafu alikuwa anatoa vyungu vyake vya maua.

"We binti! Si wewe uliyebandika kioo? Bado kipo. Wanabomoa Jumatatu, kichukue."

Aliingia. Chumba kilikuwa kitupu, kinatoa mwangwi. Kioo kilikuwa pale kimejaa vumbi. Alikipangusa kwa kidole gumba, akakiangalia, akapiga magoti, akakiangalia tena kwa karibu.

Kilikuwa kizima. Hata mkwaruzo hakikuwa nao.

"Ufa huo," alisema nesi nyuma yake, "niliukuta nilipoolewa humu. Mama mkwe naye aliukuta. Siku ile nilitaka kukwambia, ila hukuniuliza. Ulikuwa unaandika."

Mkaguzi hakusimama.

"Mimi namsikitikia yule mama asiyeona," nesi akaendelea, akikung'uta udongo. "Ndiye aliyeitaka nyumba hii hasa."

"Mama gani asiyeona?"

"Mama wa yule mwalimu. Hujui? Alikuwa anakuja kila asubuhi, anapapasa kuta, anajizoeza. 'Nimeshakijua hadi kitasa cha choo,' ananiambia, tunacheka. Huko ghorofani sijui kama anatoka."

Alikwenda kwanza kwa kampuni. Walimkaribisha kiti, wakamwambia hawauzi. Kisha akapanda gari kwenda mtaa mpya. Barabara ilikuwa pana kama alivyoiota, na hapakuwa na mtu anayetembea juu yake. Majengo yalifanana kama mayai. Alimkuta Mwalimu ngazini, ghorofa ya pili, amebeba mkate. Amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Kioo hakikukatika," alisema, kwa sababu angeanza na salamu asingemaliza. "Ukuta umetulia toka zamani. Nilikosea, Mwalimu. Niliogopa kukupendelea, nikakuonea. Na la macho ya mama nimelijua leo."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi, mkate mapajani.

"Kwa hiyo nyumba ilikuwa nzima."

"Nzima kuliko hii."

"Na wanabomoa."

"Jumatatu. Nimewaomba, wamekataa." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nataka nimwambie mama mwenyewe. Nimwombe radhi."

"Hapana."

"Nina haki ya..."

"Hapana, nisikilize. Unajua anavyoishi humu? Asubuhi anavaa vizuri, anafika mlangoni, anashika kitasa, anarudi kukaa. Nikimuuliza ananiambia, 'Afadhali hapa tuko hai, mwanangu. Ule ukuta ungetuangukia.' Ndiyo fimbo anayotembelea hiyo. Utamnyang'anya?"

Akamfuata juu.

Mama alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, gauni la kijani, hereni masikioni, amevaa kama anayesubiri kupitiwa na mtu.

"Nani huyo mwenye viatu vya mwanajeshi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Marahaba, binti yangu! Njoo. Njoo hapa nikushike." Akainyoosha mikono, kidogo kushoto mwa pale aliposimama mgeni. Mkaguzi akasogea, akaiingia. "Sasa kiburi kimeniisha, nikwambie: sioni. Kama nilikupita njiani, ni macho, si roho. Umenisamehe?"

"Mimi nikusamehe wewe, mama?"

"Eh, nani mwingine? Na huyu mwanangu alikununia, nikamwambia, mpumbavu wewe! Binti amejua utamkasirikia, na bado ameandika kweli. Mwingine angefumba macho, tukafunikwa na ukuta tumelala." Akaigeuza mikono ya mkaguzi, akaibusu viganjani, mmoja, kisha wa pili. "Mikono hii. Kila asubuhi naiombea."

Mkaguzi alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama sakafu.

"Asante, mama," alisema.

Mwalimu alimsindikiza hadi ngazini, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Nimekusamehe," alisema. "Sikudhani ningeweza, lakini nimeweza, hapo hapo ndani. Rudi. Tuoane. Tutakaa humu, wote watatu."

Alimshika shavu. Vidole vyake vilikuwa na chaki kama siku ya kwanza, na mwanamke akaviegemea, akafumba macho kitambo.

"Atanishukuru kila asubuhi, Mwalimu."

"Utazoea."

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Niwe mtu aliyezoea." Akautoa mkono ule taratibu, akaubakiza ndani ya wake. "Nakupenda. Ungeniomba jambo lingine lolote."

"Basi tumwambie."

"Wewe mwenyewe umeshasema hapana. Na ulikuwa sahihi."

Mwalimu akauachia mkono. Mwanamke akaanza kushuka, viatu vikigonga ngazi, na mlango wa juu ukafunguka.

"Mwambie aje kesho!" mama akapaza sauti. "Aje tule pamoja, tupange hiyo harusi!"

Mwalimu aliinama juu ya kizuizi cha ngazi.

Chini, kwenye ghorofa ya pili, mkaguzi alisimama. Akavuta pumzi, akainua uso, akajibu kwa sauti kubwa, changamfu, ya kumfikia mtu asiyeona:

"Nitakuja, mama!"

Kisha akaishika nguzo ya ngazi kwa mikono yote miwili na kushuka polepole, akipapasa kila daraja kwa mguu, maana machozi hayakumwachia kuona pa kukanyaga.